Pipa la Maji Vuguvugu

Mlinzi wa hoteli alitazama kwanza kandambili za Rachida, kisha tope lililokauka kwenye pindo la kitenge chake, kisha mtoto aliyefungwa mgongoni.

"Piscine ni ya bageni," alisema.

"Gérant anajua. Alinipa ruhusa, saa moja mpaka saa mbili, mbele bageni bashuke."

"Na huyu mutoto? Yee naye anaogelea?"

"Ni juu yake njo nimekuya."

Mlinzi alicheka, akamwita mwenzake wa jikoni aje ajionee mtoto wa miezi kumi aliyekuja piscine. Mwenzake akaja akifuta mikono kwenye aproni, akamzunguka Rachida kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. "Mama, shingo yake inalala hivi, halafu unamupeleka mu maji? Unataka akufe?"

Siku tatu mfululizo Rachida alikuwa amepanda kilima kutoka mtaani kwao Vulamba kuja kumwomba gérant, meneja wa hoteli hiyo, ruhusa ya kutumia maji. Siku ya kwanza aliambiwa bwana yuko kikaoni. Siku ya pili gérant alimuuliza kama ugonjwa wa mtoto unaambukiza kwa njia ya maji, naye akalazimika kueleza akiwa wima, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai, kwamba Safi alichelewa kulia siku aliyozaliwa, kwamba kichwa kilikosa hewa, na kwamba si ugonjwa wa kumpa mtu; ni miguu tu inayokaza na shingo inayolegea. Siku ya tatu gérant alikubali, ila alipe kiingilio cha watu wazima wawili, "juu maji haijue nani mukubwa, nani mutoto."

Alikuwa amelipa. Sasa alisubiri langoni huku ukungu wa Butembo ukimlowesha kope, hadi moto, pikipiki ya kukodi, ikafika na Victoire akashuka. Victoire alikuwa kiné, fundi wa kunyoosha viungo, mwanamke mnene kutoka Kisangani ambaye serikali ilimtuma huku miaka minne iliyopita na tangu hapo, alivyosema mwenyewe, haijamkumbuka. Ni yeye aliyemshika Safi kila Jumatatu pale kituo cha afya, akimkunja na kumkunjua taratibu na kumwambia kwa Lingala, "Malembe, mama, malembe," yaani polepole. Na ni yeye aliyesema kwamba maji yangesaidia.

"Juu ya nini munamusimamisha mama inje na baridi hii?" Victoire alimwambia mlinzi. "Fungua."

Piscine ilikuwa nyuma ya hoteli, bwawa dogo la kuogelea, la buluu, lenye majani mawili yaliyoelea. Rachida alimfungua mtoto, akaanza kumvua kofia. Victoire alipiga magoti ukingoni, akakunja mkono wa blauzi, akatumbukiza kiwiko. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akautoa mkono na kuukung'uta.

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Hii maji ni ya samaki. Safi akiingia hapa atakaza mwili muzima kama fimbo, na kisha atashika kifua. Mutoto anahitaji maji ya vuguvugu, mama. Nilizani jua inaipashaka."

"Victoire, nimelipa."

"Najua."

"Siku tatu nimepanda hiki kilima."

"Najua, mama. Mais, hapana."

Rachida alimvalisha mtoto kofia tena. Walipotoka, mlinzi aliuliza kama mtoto amekwisha kujua kuogelea upesi hivyo.

*

Pipa lilikuwa wazo la Rachida mwenyewe. Éphraïm, fundi wa kuchomelea aliyekuwa na karakana karibu na nyumba yao, alilipasua pipa la plastiki la buluu kwa urefu, akalilaza juu ya miguu ya chuma na kuzungushia kingo zake mpira wa bomba ili lisimkwaruze mtoto. Halikuwahi kubeba sumu wala mafuta. Rachida alilinusa mara tatu, akaliosha mara nne.

Victoire alikuja Vulamba kulikagua. Alilijaza maji hadi nusu, akaweka kiwiko, akaongeza sufuria moja ya maji ya moto, akaweka kiwiko tena. Kisha akamwambia Rachida ampokee mtoto, mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya makalio, amshushe akimwangalia usoni.

Safi alipoguswa na maji alishtuka, akafungua vidole vyote kumi. Halafu ile miguu iliyokuwa ikipishana kama mkasi tangu azaliwe ikaachana. Ikaachana yenyewe, polepole, bila mtu kuivuta. Mguu wa kulia ukapiga maji. Mtoto akasikia mlio, akatulia kama anayewaza, akapiga tena.

Rachida hakulia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Unaona?" Victoire alisema. "Mu maji hana kilo. Mwili inasahau kukaza. Atalala muzuri, atakula muzuri, na pale kichwa itaanza kupata nguvu. Mais unisikie muzuri, Mama Safi. Hii si dawa. Na tena huyu mutoto hajue kuogelea, na hatajua leo wala mwaka kesho. Atapiga miguu, utazani anajua. Ni muchezo tu. Mutoto mudogo mu maji hapigake kelele akizama. Ananyamaza. Donc, mikono mbili, macho mbili, dakika makumi mbili. Ukiitwa, usiende. Ukienda, unaenda naye."

"Nimesikia."

"Na baba yake?"

"Baba yake iko Kasindi na camion. Atakuya siku ingine."

"Akikuya, umwambie."

Rachida aliahidi kumwambia. Kila Jumanne na kila Ijumaa aliteka bidoni tano za maji kwenye bomba la mtaa, akawasha makala kwenye jiko la mkaa, akapasha maji. Mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Idi, alikaa mlangoni na tasbihi yake akiangalia makala yakiisha. "Sisi tulizaa munane," alisema, "na hakuna hata mumoja aliyepikwa mu pipa." Rachida aliendelea kumimina. Baada ya wiki sita Safi aliweza kuinua kichwa kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha chai. Usiku alilala. Mama Idi naye alilala, ingawa hakusema.

Ijumaa moja, mtoto alipokuwa amelala chali majini, Rachida aliutoa mkono uliokuwa chini ya makalio. Alitaka kuona tu. Safi alikaa juu ya maji, ameshikwa shingo tu, mwepesi kama jani la mgomba. Rachida akaurudisha mkono upesi. Hakumsimulia mtu.

*

Idi, mume wa Rachida, alirudi Jumapili, baada ya majuma saba. Lori lake lilikuwa limekaa Kasindi mpakani likisubiri karatasi, kisha likasubiri msafara wa wanajeshi, kwa kuwa barabara ya kupitia Beni ilikuwa na habari mbaya tena. Alifika amekonda, nguo zikinuka mazoti ya injini, akakumbatia binti yake na kuingiza pua kwenye shingo yake.

"Anashika kichwa!" alisema. "Rachida! Anashika kichwa!"

Alasiri hiyo alitaka kuona maji. Rachida hakuwa na nguvu. Alikuwa amefua tangu asubuhi. Lakini alimtazama mumewe alivyokuwa akimrusha mtoto kidogo mapajani, akawasha makala.

Idi alimshika Safi vizuri, kama alivyoelekezwa. Mtoto alipiga maji yakamrukia baba yake kifuani, na Idi akacheka kicheko ambacho Rachida hakuwa amekisikia tangu siku ya kuzaa.

"Kule Kasindi," alisema, "unajua banasema nini? Ba chauffeur. Banasema Idi amezaa kitambala ya kulowa. Mbele yangu, tunakula, mutu anasema vile na bengine banacheka. Na miye nacheka nabo."

"Ulicheka?"

"Ningefanya nini?"

Maji yalianza kupoa. Rachida aliweka kiwiko, akasema anakwenda kuchukua sufuria iliyokuwa jikoni. Kutoka kwenye pipa hadi jikoni ni hatua kumi na mbili. "Umushike muzuri," alisema. "Mikono mbili. Victoire alisema hajue kuogelea hata akipiga miguu."

"Nimemushika. Endaka."

Sufuria ilikuwa nzito na mpini mmoja ulikuwa umekatika, ikabidi atafute kitambaa cha kushikia. Alipotoka jikoni alimwona mumewe amesimama kando ya pipa, simu mbele ya uso wake, mikono yote miwili kwenye simu. Alikuwa akitabasamu. Alikuwa anamwangalia mtoto aliye ndani ya simu. Mtoto aliye ndani ya maji alikuwa chini, macho wazi, mdomo wazi, miguu ikipiga bado, sauti hakuna.

Rachida hakukumbuka aliiachia wapi sufuria. Maji ya moto yalimwagika kwenye mguu wake na hakuyasikia hadi jioni. Alimtoa Safi, akamgeuza kifudifudi juu ya mkono wake, akampiga mgongoni, akapiga, akapiga. Midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya kisu. Mama Idi alitoka ndani mbio, akasimama mlangoni akipiga kelele jina la Mungu. Kisha maji yakatoka, mtoto akakohoa, na kilio kikaja chembamba kama cha paka.

"Moto!" Rachida alisema. "Idi, ita moto! Idi!"

Idi alikuwa bado ameshika simu.

*

Hospitalini walimwekea Safi hewa ya puani. Infirmière, muuguzi msichana mwenye macho mekundu ya mtu aliyefanya zamu mbili, aliandika huku akiuliza.

"Mutoto alizama mu nini?"

"Mu pipa," Idi alisema. "Aliteleza."

"Alikuwa na nani?"

Rachida alimgeukia mumewe. Idi alitazama sakafu, akatazama viatu vyake, akatazama ukutani penye karatasi ya chanjo. Chumba kilikuwa na vitanda kumi na mama kumi, na wote walikuwa wamenyamaza ili wasikie.

"Alikuwa na mama yake," Mama Idi alisema kutoka mlangoni. "Miye nilikataza tangu mwanzo. Nilisema hizi vitu za bazungu zitatuletea maneno."

Infirmière aliiweka kalamu. "Weye mama. Unaacha mutoto mu maji, unaenda wapi? Kununua tomati? Unajua kuzama inaombaka dakika ngapi? Hata mbili hapana!"

"Ni kweli," Rachida alisema.

Hakusema zaidi. Mwenyewe hakuelewa vizuri kwa nini. Alikuwa amechoka, nguo zimemgandia, mguu umeanza kuwaka. Alimsubiri Idi aseme, na kila dakika iliyopita neno lilizidi kuwa zito kuliko ile sufuria. Na chini ya hayo yote kulikuwa na ile Ijumaa, mkono wake mwenyewe aliouondoa ili aone tu. Ni nani angemhukumu mwenzake? Lakini yeye alikuwa ameurudisha. Akabaki na hilo, usiku kucha, kwenye kiti cha plastiki, akihesabu pumzi za mtoto. Mama wa kitanda cha pembeni alisogeza mkeka wake mbali kidogo.

Asubuhi daktari alisikiliza kifua, akasema mapafu yako sawa, wamwangalie siku moja nyingine kisha waende. Victoire alipopata habari alikuja mbio. Hakumuuliza Rachida kitu. Alimshika Safi miguu chini ya blanketi, akaisikiliza kwa viganja kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo.

"Imekaza tena," alisema.

"Ndiyo."

"Itarudi. Malembe." Kisha akaongeza, "Najua weye hauwezi kumuachilia. Nilikuona unamushika. Donc sijui nani, na siulizi."

Hapo ndipo Rachida alipolia.

*

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, Mama Idi aliita kikao. Baba mdogo wa Idi alikuja kutoka Beni, mzee wa biashara ya vitenge aliyevaa kofia iliyopigwa pasi. Walikaa sebuleni. Rachida alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, Safi mapajani.

Mama Idi alisema pipa lirudishwe kwa Éphraïm. Alisema maneno ya kiné yaishe. Mtoto apelekwe kusomewa. Halafu akakunja kitambaa chake magotini, akakikunjua, akasema lile alilokuwa amelileta.

"Idi ni kijana bado. Anaweza kuoa mwingine, apate batoto bazima. Rachida atabakia hapa, hatumufukuze. Mais mwanamuke anayezamisha mutoto wake mwenyewe, juu amechoka naye…"

"Mama," Idi alisema.

"Niachie nimalize. Miye sisemi alifanya kusudi. Nasema amechoka naye. Batu banachokaka."

Rachida alimtazama mtoto. Safi alikuwa anajaribu kuinua kichwa na kilikuwa kinamshinda. Rachida alijua sasa kwamba Idi hatasema. Alianza kupanga moyoni nguo zipi atabeba, na nani huko kwao atampokea mtoto asiyeketi.

"Ni miye," Idi alisema.

Baba mdogo akainua uso. "Ni weye nini?"

"Ni miye nilikuwa naye. Rachida alienda kutwaa maji. Aliniambia mikono mbili. Nikamuachilia."

"Acha kumufunika bibi yako," mama yake alisema. "Ni muzuri kumuhurumia, mais acha."

Idi alitoa simu. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwenye kioo. Akaipata video aliyoichukua siku ile pipani, akaiweka juu ya meza mbele ya mama yake, akarudi kukaa na mikono katikati ya magoti.

Ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Rachida hakuwahi kujua kwamba ilibaki kwenye simu. Kutoka alipokaa hakuona kitu, alisikia tu: maji yakipigwa, na sauti ya Idi ikisema, "Muangalie, ninyi benye kucheka, muangalie, mutoto ya Idi anaogelea." Kisha kicheko chake. Kisha maji tu, na kicheko. Kisha mlio wa sufuria.

Mama Idi alikaa akiangalia kioo hata kilipozimika. Alikuwa mwanamke aliyezika watoto watatu kati ya wale wanane, na hakuwa na desturi ya kukosa neno.

"Hapa uko unacheka," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Anakufa, na uko unacheka."

"Nilizani anaogelea."

Baba mdogo alivua kofia, akaiweka magotini, akasema chakula kitakuwa kinapoa. Hakuna aliyekuwa amepika. Mama Idi aliinuka akishika ukuta, akapita mbele ya Rachida kwenda uani, na alipofika kwenye kigoda alisimama. Rachida alidhani atasema kitu. Mwanamke mzee aliinama, akamchukua Safi kutoka mapajani mwake, akatoka naye nje juani. Huko ndiko alikokaa naye hadi adhuhuri, na neno la mke wa pili halikutajwa tena, wala halikuombwa msamaha.

"Ulinisubirisha siku tano," Rachida alimwambia mumewe walipobaki wawili.

"Nilikuwa naogopa."

"Na miye?"

Idi aliichukua simu mezani, akaitia mfukoni.

*

Victoire aliwaacha wiki tatu zipite. Kisha akaja Vulamba mwenyewe, na safari hii hakumwita Rachida, alimwita Idi. Alisema kosa lilikuwa lake pia, alimfundisha mama na kumwacha baba aletewe habari. Alimsimamisha kwenye pipa akamfundisha tangu mwanzo, kiwiko, shingo, makalio, macho. Safi alipogusa maji alilia sana, akamng'ang'ania baba yake shingoni, na Victoire akasema leo basi, miguu tu. Mara ya pili alilia kidogo. Mara ya tano alinyamaza. Rachida alisimama upande wa pili wa pipa kila mara, mikono yake ikiwa tayari juu ya maji, na Idi hakumwambia aende kupumzika.

Idi alipoondoka kurudi Kasindi, Rachida alibaki na mama mkwe. Bidoni zikawa tano bado, makala yakawa bei ileile mbaya. Minong'ono ya majirani ikageuka udadisi, udadisi ukawa kuulizwa kila siku. Jemima wa nyumba ya jirani alipita Jumanne moja, mtoto alipokuwa na mwaka na nusu, akaegemea ua.

"Mama Safi, hii maji yote tangu ule mwaka. Amekwisha kujua kuogelea?"

"Hapana."

"Anatembea?"

"Hapana."

"Eeh." Jemima alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Na hauchoki?"

"Nachoka," Rachida alisema.

Alimtoa Safi majini, akamfunga taulo, akamketisha kwenye mkeka katikati ya mito miwili kama kawaida, akageuka kumwaga maji. Pipa lilikuwa zito. Alipogeuka tena, mto wa kushoto ulikuwa umeanguka, na wa kulia pia, na Safi alikuwa ameketi. Mgongo umejikunja, mikono imetanda mbele kama miguu ya meza, kichwa kinayumba, lakini ameketi, na hakuna kilichomshika.

Rachida alifungua mdomo amwite mama mkwe, kisha akaufunga. Aliogopa sauti yake isije ikamwangusha. Akaketi palepale chini, kwenye tope la maji aliyomwaga, mikono imelowa hadi viwikoni, akakaa akimtazama.